Ziwa Manyara bila haraka: mwongozo kamili wa kutazama ndege na wanyama

Gari likiingia lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara saa nne asubuhi na kutoka saa nane mchana, abiria wake watakuwa wameona nyani, tembo wawili watatu, twiga, na mstari wa rangi ya waridi mbali ziwani ambao wameambiwa ni flamingo. Kisha wanapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu na Ngorongoro, na wakirudi nyumbani wanasema Manyara ni padogo, hapana mambo.

Kauli hiyo inaniuma. Mimi mwenyewe safari yangu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyo: dereva alikuwa na miadi Karatu, tukalipita kundi la mwari, wale ndege wakubwa wa majini wenye mfuko mdomoni, waliokuwa wakivua samaki karibu kabisa na barabara, bila hata kupunguza mwendo. Nilirudi miezi michache baadaye kwa ajili ya wale mwari tu. Tangu hapo nimejifunza kwamba Manyara si hifadhi ya kupita. Inataka siku nzima ndani, na nusu siku nje yake, na inataka upange saa zako kufuata jua. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuiona hivyo, hasa Mtanzania au jirani yake wa Afrika Mashariki anayejilipia mwenyewe.

Jua kwanza unakwenda mahali pa namna gani

Hifadhi ni ukanda mwembamba wa ardhi. Magharibi yake kuna ukuta wa Bonde la Ufa, mashariki yake kuna ziwa. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1960, na mwaka 1981 UNESCO ikaitambua kama hifadhi ya bayosfia. Baadaye Msitu wa Marang ulioko juu ya ukingo uliunganishwa nayo, na sasa eneo lake ni takriban kilomita za mraba 648. Sehemu kubwa ya sehemu ya chini ni maji. Jina lenyewe linatokana na neno la Kimaasai, emanyara, yaani ule mnyaa wenye utomvu mweupe ambao hupandwa kuzunguka boma ukawa uzio hai.

Mambo mawili ya asili yanaeleza karibu kila kitu utakachokiona.

La kwanza ni msitu. Mvua ya Manyara si nyingi kiasi cha kukuza miti mirefu namna ile. Maji yanatoka mbali: mvua inanyesha kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, inazama katika miamba ya volkano, kisha inachomoza kama chemchemi chini ya ukingo. Ndiyo maana ukiingia langoni tu unajikuta kwenye kivuli cha mikuyu mikubwa na vijito vya maji safi, ilhali kilomita chache nje ni vumbi. Msitu huo ni wa kijani hata mwezi wa kumi.

La pili ni ziwa. Halina mto unaotoka. Maji yanaingia kwa mito na chemchemi, na njia pekee ya kutoka ni kupanda hewani kwa joto la jua, yakiacha chumvi na magadi nyuma. Tena ni ziwa la kina kifupi sana juu ya ardhi tambarare, kwa hiyo maji yakipungua kidogo tu ufuko unahama mbali, na yakijaa yanameza majani na hata vipande vya barabara. Mtu aliyekwenda mwaka jana akakwambia "flamingo wanakaa hapa", msikilize kwa heshima lakini usiutegemee ufuko wake. Waulize askari wa hifadhi langoni asubuhi hiyohiyo maji yako wapi.

Msimu

Ukitaka ndege, nenda kati ya Novemba na Aprili. Miezi hiyo wageni kutoka Ulaya na Asia wako huku wakikimbia baridi ya kwao: korongo weupe, mbayuwayu, keremkerem, na wale ndege wadogo wenye miguu mirefu wa matopeni ambao watu wa pwani huwaita kitwitwi. Ndege wenyeji nao wengi wanakuwa wamevaa manyoya ya kupandia, rangi zimekolea. Aina za ndege zilizoorodheshwa hifadhini zinakaribia 400, na mtu mwenye subira akiwa na mwongozaji mzuri anaweza kuondoka na aina 100 kwa siku moja.

Ukitaka wanyama wakubwa zaidi kuliko ndege, Juni hadi Oktoba ni bora: majani yamekauka, wanyama wanasogea kwenye vijito, barabara ni ngumu. Machi mwishoni hadi Mei mvua za masika hugeuza barabara za kusini kuwa tope, na vijito vinavyoshuka kutoka ukingoni hujaa ghafla hata kama pale ulipo hakujanyesha.

Mimi nikipewa chaguo moja nachukua mwisho wa Januari hadi katikati ya Februari. Vuli imekwisha, masika hayajaanza, wageni wa Ulaya bado wapo, na majani hayajawa marefu kiasi cha kuficha kila kitu. Kuhusu flamingo, usimwahidi mtoto. Wanafuata chakula, na chakula chao hustawi au kufa kulingana na uchumvi wa maji. Leo wako maelfu, mwezi ujao wamehamia ziwa jingine la magadi.

Kufika na kulipa

Kutoka Arusha ni barabara ya lami tupu. Unashika njia ya Dodoma hadi Makuyuni, unakata kulia, na baada ya takriban kilomita 40 uko Mto wa Mbu, mji ulio mlangoni mwa hifadhi. Safari nzima ni kama saa mbili. Magari ya abiria yaendayo Karatu yanapita hapo, hivyo asiye na gari anaweza kushuka Mto wa Mbu, akalala, na kukodi gari la hifadhini kutoka hapohapo. Hii ni nafuu kuliko kukodi gari Arusha, kwa sababu hulipii mafuta na siku ya dereva ya kuja na kurudi. Wanaotoka Kenya huvukia Namanga, wanafika Arusha, kisha njia ni hiyohiyo.

Ukikodi gari, sema mapema maneno haya matatu: nataka kutwa nzima, nataka kufika Maji Moto ya kusini, na nataka kusimama kwa ajili ya ndege. Dereva anayekubali mawili ya kwanza na kuguna kwenye la tatu si wako. Uliza pia kama paa la gari linafunguka. Kwa kutazama ndege wa msituni bila kuona juu, umelipia nusu ya safari.

Unaweza kuingia na gari lako. Barabara kuu ya kaskazini hupitika kwa gari la kawaida kiangazi, ila kwa kusini na wakati wa mvua chukua lenye magurudumu manne ya kusukuma.

Malipo ya hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hayapokelewi kwa fedha taslimu langoni. Unapewa namba ya kumbukumbu, ile ambayo kila mtu anaiita kontrol namba, unalipa kwa simu, benki au kadi. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na kiwango chetu ni kidogo mno ukilinganisha na cha wageni, kwa sharti la kuonyesha kitambulisho: cha NIDA kwa Mtanzania, cha taifa au pasipoti kwa majirani. Nimeona familia ikikwama langoni kwa sababu baba alisahau vitambulisho hotelini. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi. Gari lina ada yake, na lililosajiliwa nchini hulipiwa kwa shilingi. Ada huweza kubadilika mwaka mpya wa fedha unapoanza Julai, na juu yake kuna VAT, kwa hiyo uliza kiwango cha sasa ukiwa bado nyumbani. Kibali kikitoka, soma muda wake umeandikwaje kabla ya kuondoka kwenye dirisha.

Darubini, na jinsi ya kuiweka sawa

Vifaa vingine nitavitaja kwa kifupi. Kofia ya ukingo mpana, maji lita tatu kwa kila mtu, koti jepesi la asubuhi, dawa ya kufukuza mbu, chakula cha mchana kilichofungwa. Nguo za rangi ya udongo au majani makavu. Epuka bluu iliyoiva na nyeusi, kwa kuwa mbung'o, ambao wako upande wa kusini, huvutwa na rangi hizo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, fungasha vitu kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa. Droni iache nyumbani, haiingii bila kibali maalumu.

Darubini ndiyo ya kuzungumza. Ukiweza kuazima au kununua moja, tafuta iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Wengi hudhani 12 au 20 ni bora kwa kuwa inavuta zaidi, lakini inavuta pia mtikisiko wa mkono wako na pumzi ya jirani yako garini, na uwanja wa kuona unakuwa mdogo hadi ndege hapatikani. Nane inatosha, na 42 huingiza mwanga wa kutosha kwenye kivuli cha mikuyu.

Kisha iweke sawa kwa macho yako, jambo ambalo watu wengi hawajawahi kufanya. Lenga kitu kisichosogea, kwa mfano kibao cha langoni. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione maandishi vizuri. Sasa fumba la kushoto, usiguse tena gurudumu la katikati, zungusha ile pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia mpaka nalo lione vizuri. Basi. Kuanzia hapo kwa siku nzima utatumia gurudumu la katikati peke yake. Unayevaa miwani, kunja au rudisha chini zile mpira za machoni.

Na ukimwona ndege, usishushe macho kutafuta darubini. Mwangalie hivyohivyo, usikwepeshe macho, na mkono ndio ulete darubini usoni. Jizoeze kwa kunguru wa nyumbani wiki moja kabla.

Beba daftari na penseli.

Siku ya kwanza: mashamba ya Mto wa Mbu

Fika mchana, weka mizigo, na usiingie hifadhini. Alasiri hiyo tembea mashambani. Chemchemi zilezile zinazolisha msitu zinamwagilia mpunga na migomba ya Mto wa Mbu, na mashamba ya mpunga kwa ndege ni sawa na ziwa dogo la maji baridi. Utaona yangeyange nyuma ya ng'ombe, kwarara wakichokoa matope kwa midomo iliyopinda, mdiria juu ya waya, na mnana wakifuma viota vyao kwenye matete. Hapa unatembea kwa miguu, jambo ambalo hifadhini huruhusiwi ila mahali maalumu au ukiwa na askari, na ndiyo nafasi nzuri ya kuizoea darubini.

Chukua kijana wa pale anayefanya kazi ya kuongoza wageni kijijini. Anazijua njia za kwenye majaruba, anajua shamba ni la nani, na atakuombea ruhusa kabla hujakanyaga kingo za mtu. Ukimkuta mzee shambani, shikamoo kwanza, ndege baadaye. Wakulima wa mpunga wanawajua ndege kuliko wengi wetu, ingawa wanawajua kwa uchungu. Kwelea kwelea anaweza kumaliza jasho la msimu mzima, na usishangae mtu akikuuliza kwa nini umesafiri kuja kumtazama mwizi.

Rudi njiani ukinunua ndizi nyekundu, wanaziuza kando ya barabara. Lala ndani ya chandarua. Jina la mji si mapambo.

Siku ya pili, kutwa

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu: ziwa liko mashariki. Asubuhi ukisimama ufukweni unatazama jua usoni, na kila ndege atakuwa kivuli cheusi juu ya maji yanayong'aa. Alasiri jua liko mgongoni kwako, linawapiga flamingo na mwari moja kwa moja, na rangi zinakuwa zile ulizoziona kwenye picha. Kwa hiyo asubuhi ni ya msitu, alasiri ni ya ziwa. Magari ya kupita hufanya kinyume kwa sababu ya ratiba zao.

*Saa 12 asubuhi.* Kuwa langoni linapofunguliwa. Vyoo viko hapo, vitumie. Kilomita mbili tatu za kwanza ziende kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kila baada ya muda zima injini kabisa, kaa dakika tano. Msituni ndege husikika kabla ya kuonekana. Sauti kubwa kama ya mtoto anayelia na punda kwa pamoja, ikifuatiwa na mabawa yanayovuma kama upepo kwenye turubai, ni ya hondohondo wa mashavu ya fedha, mweusi mkubwa mwenye pembe ya rangi ya maziwa juu ya mdomo. Wanafuata kuyu zilizoiva, basi ukipata mkuyu wenye matunda umepata hondohondo, na kima, na nyani chini wakiokota kinachodondoka. Jike la hondohondo hujifungia ndani ya tundu la mti kwa kuziba mlango, akabakiza ufa, na dume humlisha kupitia ufa huo mpaka makinda yakue. Ukiona dume anarudi tena na tena kwenye shina lilelile, usisogee.

Nyani wa hapa wana makundi makubwa na hawaogopi magari. Funga vioo ukiwa na chakula, na usiwarushie hata ganda. Nyani aliyezoea kulishwa huishia kuvamia watu, na akivamia watu huishia kuuawa.

*Saa mbili hivi,* kama una bajeti, pita kwenye daraja la kamba lililotundikwa juu ya miti karibu na lango. Lilifunguliwa mwaka 2017 na lina urefu wa mita 370. Lina ada yake. Kwa mtazama ndege faida yake ni moja, nayo ni kubwa: unakuwa usawa wa vilele vya miti, shingo haiumi. Nenda kabla kundi la kelele halijafika, na simama katikati ya daraja bila kusogea mpaka liache kutikisika.

*Saa tatu hadi saa tano* nenda bwawa la viboko, kaskazini, ambako mto unaingia ziwani. Maji baridi yanapokutana na ya magadi kunakuwa na kila aina ya chakula, kwa hiyo ndege nao ni wa kila aina, na utahitaji muda. Viboko waangalie kutoka kwenye sehemu iliyotengwa. Jua lina pembe mbaya bado, lakini ndege wako karibu kiasi kwamba haijalishi.

*Mchana* kula kwenye eneo la mapumziko lenye kivuli. Usijaribu kutazama ziwa saa hizi hata kwa darubini ya bei gani, mvuke wa joto unachemsha kila kitu.

*Kuanzia saa saba* shika njia ya kusini, kupitia mapori ya migunga na vijito vya Msasa na Ndala. Hapa ndipo pa tembo na ndipo watu hutafuta simba wa mitini. Nitawarudia wote wawili hapa chini. Lenga kufika Maji Moto, zaidi ya kilomita 35 kutoka langoni, kwenye saa tisa. Ziko sehemu mbili za jina hilo: Maji Moto Ndogo unayoikuta njiani, na hii kubwa ya kusini ambayo maji yake yanatoka ardhini yakiwa ya kuunguza kweli. Shika mtoto mkono.

*Saa tisa hadi saa kumi na robo* ni ziwa. Jua liko nyuma yako, ukingo unaanza kupoa, na flamingo kama wapo utawaona wakiwa na rangi zao zote. Halafu geuka. Lango linafungwa saa 12 jioni na barabara ina vijito na tembo wasio na saa, hivyo jipe saa moja na nusu kamili. Jua la Manyara huzama mapema kuliko unavyotarajia kwa sababu ukingo unalimeza, na msituni giza huingia kabla ya muda.

Kumtambua ndege

Usianze na kitabu. Anza na maswali, kwa utaratibu huuhuu: ana ukubwa gani ukimlinganisha na unaowajua, yaani shomoro, njiwa, kunguru, kuku? Mdomo ukoje? Miguu ina rangi gani na urefu gani? Anafanya nini? Yuko wapi, topeni, kwenye maji, shinani, kileleni? Rangi ya mwili iwe ya mwisho, kwa kuwa mwanga hudanganya. Andika majibu, piga picha hata ikiwa mbaya, ndipo ufungue kitabu au programu ya simu.

Jozi chache ambazo kila mtu huzichanganya Manyara:

Flamingo, au heroe kwa Kiswahili cha pwani, wako wa aina mbili. Mkubwa ni mrefu, mweupe zaidi, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Mdogo ni mfupi, amekolea waridi, na mdomo wake kwa mbali unaonekana mweusi wote. Mdogo hula mwani mdogo wa kijani wa maji ya magadi kwa kuuchuja kwa mdomo uliogeuzwa chini juu, na rangi yake inatoka kwenye chakula hicho. Makundi makubwa karibu yote ni ya huyu mdogo. Hazaliani Manyara. Kwa Afrika Mashariki kitovu chake cha kutagia ni Ziwa Natron, kaskazini yake, na karibu kila flamingo mdogo utakayemwona hapa ana uhusiano na Natron.

Mwari nao ni wawili. Mweupe mkubwa huvua kwa kundi: wanajipanga nusu duara, wanawasukuma samaki kwenye kina kifupi, kisha vichwa vyote vinazama pamoja kama walioamriwa. Hao ndio niliopitishwa mbio ile siku ya kwanza. Mwingine ni mdogo, wa kijivujivu, huvua peke yake na hulala na kutaga mitini.

Korongo mwenye mdomo wa njano na domomwiko wote ni weupe, wote wanatembea majini wakipapasa. Tazama mdomo: wa domomwiko ni bapa kama mwiko wa ugali, na anaupeleka kushoto na kulia kama mtu anayefyeka. Korongo yule huacha mdomo wazi ndani ya maji na kuchokoza tope kwa mguu mmoja, akisubiri samaki auguse. Kongoti, mwenye upara na mfuko shingoni, hutamchanganya na yeyote.

Hapa niseme jambo. Neno korongo kwa wengi wetu limebeba ndege wote wenye miguu mirefu, na wengine tunawaita kwa majina ya kigeni kana kwamba Kiswahili hakikuwahi kuwaona. Majina yapo: furukombe, yule tai wa ziwani mwenye kichwa cheupe na kilio kinachofika ng'ambo, mumbi, hondohondo wa ardhini anayetembea kama mzee aliyevaa koti jeusi, korongo taji, chole, mnandi. Waulize wazee wa Mto wa Mbu wanawaitaje, kwa Kiswahili na kwa lugha zao. Andika jina hilo pembeni ya jina la kisayansi, ambalo ndilo pekee litakalokusaidia kuelewana na mtazama ndege wa nchi yoyote.

Tembo na simba

Tembo wa Manyara wana historia. Katikati ya miaka ya 1960 mtafiti wa tembo Iain Douglas-Hamilton alikaa hapa, karibu na mto Ndala, akajifunza kumtambua kila tembo kwa mikato ya masikio na umbo la pembe, na kutokana na kazi hiyo dunia ikaanza kuelewa kwamba familia za tembo zinaongozwa na majike wazee. Baadaye ujangili uliwapunguza vibaya, na faru walitoweka kabisa. Jaribu mwenyewe: chagua tembo mmoja, chora sikio lake daftarini, kila tundu na kila mpasuko. Ukirudi mwakani huenda ukamkuta.

Msituni barabara ni nyembamba na tembo hutokea ghafla. Simama, zima injini, nyamaza. Usiingie kati ya mama na mtoto. Akitanua masikio, akatikisa kichwa au kuinua mkonga akikutazama, anakuambia uko karibu mno, rudi nyuma taratibu. Dume mwenye ute unaotiririka shavuni na mkojo unaodondoka miguuni yuko kwenye kipindi chake cha ukali, mpe njia yote, hata kama ni kungoja nusu saa.

Simba wa mitini wapo, ila si wa kila siku. Sababu zinazotolewa ni upepo, kukwepa nzi wanaouma, na kuona mbali, na watoto huiga mama zao. Watafute saa za joto kwenye matawi manene yaliyolala, na utafute mkia unaoning'inia kabla ya kutafuta mwili. Swala pala wote wakitazama upande mmoja, nawe tazama huko. Usipowaona, usimlazimishe dereva kuacha barabara. Nyasi za kando ya ziwa ni viota.

Baada ya jua kuzama

Manyara kuna ziara za usiku zinazoongozwa na askari mwenye silaha, za kuagiza mapema. Utatafuta komba, kanu, fungo, nungunungu na bundi. Ni ghali kwa wengi wetu. Ukiwa na uwezo wa jambo moja tu la ziada, kwangu usiku unalishinda daraja la miti.

Ama sivyo, rudi Mto wa Mbu, agiza wali, na kabla hakijaletwa fungua daftari. Andika orodha upya kwa mpangilio: aina, idadi, mahali, saa. Idadi ya makisio inatosha, "flamingo wadogo kama 600, Maji Moto, saa 9:40". Iingize kwenye eBird, daftari la mtandaoni la watazama ndege wa dunia nzima, ukipata mtandao, ni bure, na watafiti wa ndege wahamao wanaisoma. Picha zisizoeleweka mwonyeshe yule kijana aliyekutembeza mashambani jana. Mara nyingi anajibu kabla hujaikuza.